Kava ya Mwalimu: kibodi ya tableti kwa shilingi 4,000

Kona tatu za tableti zilikubali kuingia kwenye kava, ya nne ikagoma. Kijana wa duka akaibana kwa kidole gumba hadi ikaingia, na papo hapo kona ya upande wa pili ikachomoka. Akarudia mara ya pili, mara ya tatu. "Madam, ni vile tu ni mpya, itajinyoosha," akamwambia shemeji yangu. "A7, A8, hizo zote ni kitu moja."

A7 na A8, tableti mbili za Samsung, hazikuwa kitu kimoja. Zinapishana kwa milimita nne na nusu, na milimita hizo zilitugharimu Jumamosi mbili, na nusura zitugharimu shilingi 3,200 pia. Kisa chenyewe ni kidogo: mwalimu wa Nairobi anatafuta kava ya tableti yenye kibodi ya kuchomoa, na mfukoni ana shilingi 4,000. Lakini ndani yake mna karibu kila kosa ambalo nimeona watu wakilifanya katika kununua vifaa hivi, na moja nililifanya mimi.

Mwalimu na kazi yake

Shemeji ni dada mdogo wa mke wangu. Anakaa Zimmerman na anafundisha Kiswahili katika shule ya upili upande wa Kahawa West. Kompyuta yake ilikufa mwanzoni mwa muhula. Fundi alipoifungua alisema ubao mkuu umeungua, na gharama aliyoitaja ilikaribia bei ya kununua nyingine ya mtumba. Pesa hizo hazikuwepo. Kilichokuwepo ni tableti, Samsung Galaxy Tab A8 ya inchi 10.5, ambayo alikuwa akisomea vitabu na kuwatulizia watoto.

Kwa wiki kadhaa akawa anaandika kwenye kioo. Aliyewahi kutunga mtihani wa Kiswahili kwa vidole viwili juu ya kioo anaijua adhabu hiyo. Ukiilaza tableti kwa upana, kibodi ya skrini hujitokeza na kula karibu nusu ya ukurasa. Karatasi ya 102/2, yaani ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ina ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii. Matumizi ya lugha peke yake yana alama 40 kati ya 80, na maswali yake ni mafupi mafupi, yamejaa mabano, alama za nukuu na mistari ya kujazia. Akiwa anatunga swali la kumi na mbili halioni tena la kumi na moja. Halafu kuna ritifaa, ile alama ('). Kwenye kibodi ya skrini mara nyingi alama hiyo imewekwa ukurasa wa pili, kwa hiyo kila "ng'" ni safari ya kwenda na kurudi. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha nazali ya kaakaa laini hufunga safari hiyo mara nyingi kwa siku.

Akanipigia jioni moja. "Shem, wewe kazi yako ni kuandika tu. Nichagulie kibodi, lakini isipite elfu nne."

Mimi ni msomaji prufu, nashinda mbele ya kibodi kutwa, na jambo hili nalichukulia kwa uzito. Nikamwomba siku mbili. Hakunipa. Kesho yake alikuwa na shughuli mjini, akapita Luthuli Avenue, akaingia katika jengo moja la vibanda vya simu, akauliza kava ya kibodi ya Tab A8, akapewa boksi, akalipa 3,200 kwa M-Pesa na kurudi nyumbani bila kulifungua. Alipolifungua, watoto wakiwa wamelala, ndipo alipogundua kwamba kona ya nne haiingii.

Milimita nne na nusu

Alinitumia picha. Ndani ya kava, karibu na mkunjo, palikuwa na kibandiko kidogo kilichoandikwa T500/T505. Hizo ni namba za Galaxy Tab A7 ya 2020. Yake ni SM-X205, yaani Tab A8 inayotumia laini ya simu. Pacha wake wa Wi-Fi pekee ni SM-X200, na umbo lao ni moja.

Sasa tazama vipimo. Tab A7 ina urefu wa milimita 247.6 na upana wa 157.4. Tab A8 ina urefu wa 246.8 na upana wa 161.9. Kwa urefu hata milimita moja haitimii, na ndiyo maana ukizipanga mbili hizo kwenye rafu jicho halioni tofauti. Kwa upana, A8 imezidi kwa 4.5. Kava ya plastiki ngumu haina mahali pa kuzificha milimita hizo. Ukiilazimisha, kona moja inabaki nje, au kava inajikunja na kuisukuma tableti kutoka nyuma. Kuisukuma hivyo siku nzima ni kutafuta ufa wa kioo.

Kwa hiyo jina la tableti unalolijua si lile unalolihitaji dukani. Unalohitaji ni namba ya modeli, na namba hiyo iko kwenye mipangilio, sehemu ya mwisho kabisa inayoeleza kuhusu tableti. Kwa Samsung huanza na SM. Kwa iPad, tafuta nyuma maandishi madogo yanayoanza na herufi A. Wenye iPad za inchi 10.2 wana bahati kidogo: toleo la saba, la nane na la tisa, yaani za 2019, 2020 na 2021, zina umbo moja, kava moja inazitosha zote tatu. Lakini toleo la kumi la 2022 ni la inchi 10.9 na haliingii humo, hata muuzaji aape vipi.

Jumamosi ya kwanza tukairudisha pamoja, na ndipo ikawa ile vuta nikuvute ya kona. Kijana aliposhindwa aligeuza risiti akatuonyesha mstari wa chini: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Shemeji hakupaza sauti. Alimwambia, "Kijana wangu, mimi niliomba ya A8. Wewe ukanipa ukiniambia ni ya A8. Hii si ya A8. Hapo mimi nimekosa wapi?"

Alikuwa na haki kuliko alivyodhani. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na ndani yake bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ikafuata njia hiyohiyo. Mstari uliochapishwa chini ya risiti haufuti hayo. Tatizo letu lilikuwa ushahidi. Risiti iliandikwa "kava ya tableti, 3,200" na basi. Hapakuwa na A8 wala namba yoyote. Angeweza kusema tuliomba ya A7, ikawa neno lake dhidi ya letu.

Hakusema hivyo, na kwa hilo namshukuru. Alikataa kurudisha pesa lakini akakubali kuishikilia 3,200 na kututafutia nyingine. Vijana wa vibanda vile huazimana bidhaa. Kilichokosekana kwa huyu kinaletwa kutoka ghorofa ya juu dakika hiyohiyo. Tukaagana turudi Jumamosi inayofuata. Nami nikapata zile siku nilizoziomba tangu mwanzo.

Utaandikia wapi?

Nilimwomba kitu kimoja. Kwa siku tatu, kila anapotaka kuandika, atie alama amekaa wapi na amekaaje. Aliniona namsumbua. "Si mezani, shem? Watu huandikia wapi?"

Siku tatu zilipoisha, meza ilikuwa imeshika nafasi ya pili. Nyumbani meza ni moja, na watoto huifanyia kazi za shule hadi saa mbili na nusu usiku. Baada ya hapo inageuka ya kulia. Anaandika kuanzia saa nne, kitandani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Shuleni ana dawati analogawana na walimu wengine wawili. Tulipolipima kwa futi ya fundi cherehani, nafasi isiyo na vitabu ilikuwa sentimita 30 kutoka ukingoni hadi kwenye rundo la madaftari. Matatu tuliiondoa bila mjadala: magoti yanagusa kiti cha mbele, na tableti iliyokunjuliwa dirishani katika msongamano wa Thika Road ni kualika mkono kutoka nje.

Hapa ndipo aina ya kava inapoamuliwa, kabla hata ya kuzungumzia vitufe. Tab A8 ina uzito wa gramu 508. Kibodi nyembamba ya kuchomoa mara nyingi haifiki nusu ya huo. Ukiziunganisha kwa bawaba kama kompyuta ya kawaida, kichwa kinakuwa kizito kuliko kitako, na chombo kinabinuka kwenda nyuma. Watengenezaji wa kava za bawaba hutibu tatizo hilo kwa kuongeza uzito chini, au kwa kuzuia skrini isifunguke sana. Matokeo yake ni kifurushi kinachokaa vizuri mapajani lakini kinauvunja mkono ukikibeba, na bei yake ilikuwa juu kabisa ya uwezo wetu.

Aina ya pili ina egemeo: kigingi au mkunjo wa nyuma unaoishikilia tableti, na kibodi inalala mbele yake kwa sumaku. Ni nyepesi na ni ya bei nafuu, ila inadai nafasi nyuma na mbele. Kibodi na egemeo lililokunjuliwa huchukua kama sentimita 27. Dawati la sentimita 30 linaitosha, ingawa kwa shida. Mapaja hayaitoshi: urefu upo, lakini nyama ni laini, ukingo wa egemeo unazama na skrini inalala chali.

Nilifikiria pia kumwambia aachane na kava za kibodi kabisa. Kibodi ya Bluetooth inayojitegemea, yenye vitufe vipana, pamoja na kava ya kawaida ya kuegemeza, ni bei ya chini na vidole hufurahi zaidi. Kwangu mimi ningechukua hiyo. Lakini yeye hubeba tableti pamoja na madaftari 45 ya wanafunzi, na kibodi iliyo peke yake kwenye mfuko kama huo husahaulika shuleni au hubonyezwa na vitabu mpaka betri inaisha. Kitu kimoja kinachofunga pamoja ndicho kilichomfaa.

Kitanda kikabaki. Dawa tuliipata jikoni, na hatukuinunua: sinia la chai. Sinia la bati lenye kingo, upana wa sentimita 40, likiwekwa mapajani linageuka meza. Tulilijaribu kwa tableti iliyoegemezwa kwenye kitabu, likatulia. Sinia hilo ndilo lililotuokoa na bei ya bawaba.

Kadi ya benki na ng'ombe wa Ng'ang'a

Jumamosi ya pili kijana alikuwa ametandaza maboksi matatu. Nilikuwa nimebeba kadi ya benki, nyaya mbili za chaji na sentensi moja.

Kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6 popote duniani. Kwenye kibodi ya kawaida ya kompyuta, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni kama milimita 19. Kwa hiyo ukiilaza kadi kwenye safu ya kati, mwanzo wake ukiwa ukingo wa kushoto wa A, itaishia katikati ya G: vitufe vinne na nusu. Kibodi ya tableti ya inchi 10 haiwezi kuwa pana hivyo kwa sababu kava yenyewe haina nafasi. Bora unayoweza kuitarajia ni milimita 17, na hapo kadi itaishia pale G inapomalizika, vitufe vitano kamili. Ikipita na kuingia kwenye H, vitufe ni vidogo mno. Vidole vya mtu mzima vitagombana.

Boksi la kwanza lilikuwa kava ya "saizi zote", shilingi 2,500, yenye kamba za mpira kwenye kona na vitufe vya duara vinavyovutia macho. Kadi iliingia ndani ya H. Kona moja ya mpira ilifunika nusu ya kamera. Hata hivyo nilimwomba shemeji aandike sentensi niliyomtungia: *Ng'ombe wa Ng'ang'a waling'ang'ania nyasi ng'ambo ya mto.*

Ina ritifaa sita. Aliandika haraka, kama anavyoandika siku zote, na kwenye skrini ikatokea "Ng", kisha mstari mpya, "ombe wa Ng", mstari mpya, "ang", mstari mpya tena. Tulishangaa wote watatu. Kumbe mtengenezaji, ili kubana nafasi, alikuwa ameihamishia ritifaa safu ya chini kabisa, kando ya mishale, na mahali pake pa kawaida akasogeza kitufe cha Ingiza (Enter). Kidole kidogo cha mwalimu kilikwenda kule kilikozoea kwenda kwa miaka kumi, kikakuta mlango mwingine. Anayeandika Kiingereza hukutana na alama hiyo mara mojamoja na anaweza kujifunza upya. Anayeandika Kiswahili, na hasa anayeandika majina ya watu wetu, hawezi kuishi hivyo. Sikumbuki kuona maelezo ya kibodi yoyote yakilitaja jambo hili, na kwangu ndilo la kwanza kutazama: ritifaa iko mkono wa kulia wa nukta mkato, au haiko?

La pili lilikuwa la A8 hasa, kibandiko cha ndani kikiwa na X200/X205, bei 3,800. Kona nne ziliingia bila kusukumwa na kamera ikakaa katikati ya tundu lake. Kadi iliishia mwisho wa G. Ritifaa ilikuwa mahali pake, imepunguzwa upana kidogo lakini kidole kiliipata. Sentensi ikatoka safi mara ya kwanza. Kibodi iling'atwa na sumaku kwenye ukingo wa kava. Nilikishika kipande chote kwa tableti nikakitikisa juu ya kaunta, kibodi ikayumba bila kuanguka.

La tatu lilikuwa kama la pili, lakini lilikuwa na padi ya kipanya, ya kusogezea kishale kwa kidole, chini ya vitufe na taa za rangi saba. Bei 5,200. Shemeji aliliangalia kwa muda mrefu. Nikamwambia taa zinakula betri tu, na padi hataihitaji, kwa sababu skrini yenyewe inaguswa. Nitarudi kwenye kauli hiyo.

Kijana alikuwa akisifia kwamba la tatu ni Bluetooth 5 na la pili ni 3. Hilo lisikutishe. Tab A8 ina Bluetooth 5.0 na inaelewana na matoleo ya nyuma yake, na herufi unazobonyeza ni data ndogo sana. Toleo la 3 linaziwahisha bila shida yoyote. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba Tab A8 haina pini za kuilisha kibodi umeme, kama zilivyo tableti za gharama za Tab S8 au S9. Kibodi yake lazima iwe na betri yake, na betri inahitaji tundu.

Ndiyo maana nilibeba nyaya mbili. Kibodi ya kwanza ilikuwa na tundu la kizamani la micro-USB, ambalo siku hizi linamlazimu mtu kutunza waya mmoja kwa ajili ya kitu kimoja. Ya pili ilikuwa na tundu la C (USB-C), kijana akasema chaja ya simu itatosha. Nikachomeka waya wa C kwa C kutoka kwenye chaja mpya: kimya, taa haikuwaka. Nikachomeka waya wa zamani, wenye kichwa kipana cha USB upande mmoja na C upande wa pili: taa nyekundu ikawaka. Kibodi haikuwa mbovu. Chaja ya C haimwagi umeme mpaka ione vikinzani viwili vidogo, vya kilo-omu 5.1, ndani ya kifaa kinachochajiwa; na watengenezaji wa vitu vya bei nafuu huviruka ili kupunguza gharama. Waya wa zamani hauulizi, unatoa umeme moja kwa moja. Mtu asiyejua hili angerudi siku ya tatu akilalamika kibodi imekufa. Waya wa zamani ulikuwa kwenye boksi, tukaukubali.

Kitu kimoja zaidi kilitokea pale kaunta. Alipoandika alama za nukuu, ikatoka @. Vitufe vilichapwa kwa mpangilio wa Kimarekani, na tableti yake ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Uingereza, ambamo alama hizo mbili hubadilishana mahali. Ni suala la kuingia kwenye mipangilio ya kibodi ya nje na kuchagua Kimarekani. Sekunde kumi.

Tulipatana 3,600. Akaongeza 400 juu ya zile 3,200 zilizoshikiliwa. Safari hii shemeji alisubiri kalamu. "Andika hapo SM-X205," akamwambia, "na uandike kibodi inachomoka na inashika chaji." Kijana akaandika yote, akagonga muhuri. "Mwalimu, wewe ungekuwa wakili," akasema.

Miezi minne baadaye

Mama mboga wa chini ya ploti alitupimia kwenye mizani yake: tableti ikiwa ndani ya kava, na kibodi ikiwa imeng'ata, kilo 1 na gramu 40. Kwa kuchajiwa mara moja, kibodi humaliza karibu wiki mbili za kazi. Ikikaa kimya dakika kumi inalala, na ukianza kuandika herufi mbili za kwanza hupotea wakati inaamka. Amejizoesha kugonga kitufe cha nafasi kwanza.

Kuchomoka kwake kumethibitika kuwa na maana ambayo sikuifikiria. Akitaka kusoma tu, mwanzoni alikuwa akiikunja kibodi nyuma ya tableti, na skrini inazimika ghafla. Sumaku ya kibodi ilikuwa inakaribia kihisio kile kinachoiambia tableti kwamba kifuniko kimefungwa. Ukiichomoa kabisa na kuiweka kando, tatizo limeisha. Kibodi iliyoshonewa kwenye kava isingempa njia hiyo.

Kosa langu ni padi. Nilimwambia skrini inaguswa, na ni kweli, lakini sikufikiri inaguswa vipi. Kutunga mtihani nusu yake ni kurekebisha: kushika neno, kulihamisha, kupanua safu ya jedwali. Kila mara akiunyoosha mkono na kuisukuma tableti kwa kidole, egemeo linateleza juu ya bati la sinia. Alitandika leso chini, likaacha kuteleza, lakini mkono uliendelea kuchoka. Mwezi wa pili akanunua kipanya cha Bluetooth kwa shilingi 700. Dawatini kinamfaa sana. Kitandani hakina mahali pa kutembea, na kitandani ndiko anakofanyia kazi nyingi. Jumla imekuwa 4,300, amevuka bajeti kwa 300, na bado usiku hana padi. Kama kazi ingekuwa kuandika tu, barua au kumbukumbu za chama, ningesimama na ushauri wangu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhariri, nilipaswa kumwambia asubiri mshahara mmoja zaidi achukue boksi la tatu na azime zile taa. Nimemwambia hivyo, na nimemwomba radhi.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya mkunjo wa egemeo. Ngozi ya bandia imeanza kuonyesha mstari mweupe, mwembamba kama uzi, pale inapokunjwa kila siku. Sumaku bado inashika, vitufe vyote vinafanya kazi, ritifaa imeanza kufutika rangi kabla ya herufi nyingine zote. Nimemwelekeza aache kuikunja hadi mwisho anapoifunga, na kama mstari utapasuka ukashonwe na fundi wa viatu kabla ufa haujaifikia sumaku.